Mdogo wake Rukia, wa kwenye chupa

Alhamisi, jioni. Jua la leo Kariakoo lilikuwa la kukaanga watu, na moyo wangu haujatulia tangu asubuhi.

Niseme tu. Nimeiua chachu ya Rukia.

Rukia ni binti yangu, mpishi wa mikate kwenye hoteli kubwa Arusha, na kama hujaonja mkono wake, pole yako. Alipoondoka aliniachia chupa ya mdomo mpana yenye chachu aliyoiotesha mwenyewe, unga wa ngano na maji tu, bila hamira ya dukani. Kila asubuhi naiongezea unga. Yeye anaiita mdogo wake.

Mimi ni msusi, nusu ya vichwa vya mtaa huu vimepita mikononi mwangu, kwa hiyo mkate wa kusuka haukunipa shida. Wengine wanasuka vipande vitatu, mimi sita. Jumamosi upande wa mchumba wa Rukia wanaleta posa, na nimeshawatangazia kwamba mezani watakuta mkate wa chachu ya mwali mwenyewe.

Jana nikaona chachu imezubaa. Nikaipandisha juu ya paa, juani, kama ninavyofanya na donge la maandazi nikiwa na haraka. Wateja wakanibana, nikaisahau. Kwenda kuishusha, chupa inaunguza, ndani kumeiva kama uji mzito. Nimeilisha jana, nimeilisha leo. Hata povu moja haikutoa.

Mchana Rukia kapiga simu. "Mama, mdogo wangu amekula?"

"Amekula, ameshiba."

Nimemdanganya mwanangu bila hata kumeza mate.

Akacheka. "Na pacha wake aliyeko kwa Mama Zuhura? Nilimgawia siku naondoka. Usininunie, Mama, nilijua wewe ungekataa."

Nilishakataa. Mama Zuhura, jirani yangu wa ghorofa ya chini, alikuja kuiomba kwa adabu zote Rukia akiwa bado hapa, nikamwambia hii ni ya familia. Juzi kaweka mkate wake dirishani upoe, msuko umepinda, nami nikamwambia mbele ya wateja, "Shoga, huo uliusukia gizani?" Wakacheka wote. Yeye akaufunika kitambaa, akaingia ndani. Wala sikujiuliza chachu kaitoa wapi.

Nitie hamira tu? Wageni hawatajua. Ila Rukia anafika kesho, na akiumega mara moja atajua.

Hapana. Rukia nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso.

Chupa nimeiosha, nimeianika kichwa chini. Asubuhi nashuka nayo. Chachu atanipa, Mama Zuhura hana roho mbaya, na hilo ndilo linalonichoma. Kinachonishinda ni neno la kwanza pale mlangoni.

Nianze na salamu, au nianze na ule mkate wake?