Kokwa za Mti wa Nadhiri

Jumapili, 14 Oktoba
Nimerudi na matope hadi magotini. Kaka yangu Ljubisav alinipeleka ziwani. Bado siwezi kuliita ziwa — chini ya maji yale kuna kijiji chetu cha zamani, kuna jiko la mama yetu, na shule, na makaburi ambayo hayakuhamishwa yote. Mti wa nadhiri umesimama ukingoni, ila maji ya bwawa yamefika kwenye mizizi na nusu ya matawi yamekauka. Na bado mwaloni ule umezaa! Kokwa zimetapakaa hadi majini.

Hakuna aliyewahi kuchukua kitu pale. Hata kijiti kikavu cha kuwashia moto. Msalaba umechongwa kwenye gome, padri huumwagia divai kila mwaka, na atakayeuibia atajionea mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa. Kaka yangu alivua kofia, akauomba mti radhi kwa sauti, kisha akaijaza kokwa kofia hiyohiyo. Akasema mti ukifa bila mtoto, basi na sisi tumekwisha. Mimi niliyefundisha biolojia maisha yangu yote nilikuwa natetemeka kama mwizi wa kuku.

Njiani akamkumbuka mkewe: "Dada, Zagorka asijue. Ataniua kabla mti haujaniua."
Tulicheka. Si sana.

Jumatatu, 15 Oktoba
Nimezitia kokwa ndooni. Zinazoelea ni mbovu — nyingi zina kitundu cha fukusi. Sikuthubutu kuzitupa, nimezifukia chini ya waridi. Zilizozama nimezitia kwenye mtungi wa mchanga mbichi, nikauweka stoo ya chini kwenye baridi. Kokwa si maharage. Ikikauka imekufa. Isipopata baridi haiamki. Mchanga ukilowa mno, inaoza.

Alhamisi, 8 Novemba
Ljubisav ameanguka uani akipanga kuni. Kiharusi. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umekufa. Zagorka alikuwa akitafuta kitambulisho katika koti lake hospitalini, akatoa kokwa. Akaishika mbele ya uso wangu. Nikatazama sakafu.

Jumatatu, 12 Novemba
Zagorka alikuja asubuhi, hakuketi.
"Wifi, umesoma, sikatai. Lakini vitabu vyako vitamwinua kaka yako kitandani?"
Nikamwambia ni presha, ni chumvi, ni sigara za tangu ujana.
"Sigara amevuta miaka yote. Mti ameugusa mwezi uliopita. Lete kilicho chake nikirudishe."

Nilishuka stoo. Nikaleta mtungi. Amepanda basi kuurudisha mtini, na mshumaa mkobani.

Hakujua kwamba nilichomoa chache kabla ya kupanda ngazi. Mkono ulitangulia akili. Zimo kwenye pakiti ndefu za maziwa zilizojaa mchanga, nyuma ya pilipili za siki. Nimefunga mlango wa stoo kwa ufunguo, mimi ninayeishi peke yangu.

Jumapili, 6 Januari
Mkesha wa Krismasi yetu Waorthodoksi, kwa kalenda ya kale. Ljubisav yuko nyumbani, hasemi. Mwaka huu Tihomir, jirani, ndiye aliyetukatia tawi la mwaloni la kuchoma. Zagorka alitandaza majani makavu sakafuni. Hakukuwa na watoto wa kumfuata nyuma wakilia kama vifaranga, kama ilivyo desturi. Tihomir akajaribu — mzee mzima, piyo-piyo! — kisha akarudi kuketi.

Tawi liliposhika moto Ljubisav alinitazama. Akakunja mkono wa kushoto mfano wa bakuli, akauelekezea macho. Anauliza kokwa ziko wapi. Zagorka alikuwa kando yangu na sahani ya maharage. Nikajifanya sijaona.

Jumanne, 12 Machi
Panya! Ametoboa pakiti zote isipokuwa moja. Maganda tupu. Katika hiyo moja, kokwa imepasuka na mzizi mweupe umeshuka moja kwa moja hadi chini. Juu hakuna kitu bado. Mwaloni huanza na kina, shina baadaye. Niliwaeleza watoto hivyo darasani na nilijiona hodari sana. Leo nimeusoma mzizi ule kama barua ya mahakama.

Alhamisi, 18 Aprili
Nimeupanda mche bustanini, nyuma ya fito za nyanya, mahali penye jua la asubuhi. Shimo refu, mzizi usijikunje. Leo majani yamefunguka! Mekundu, laini, madogo kama sikio la mtoto mchanga.

Ijumaa, 19 Aprili
Ljubisav ameanguka tena. Chooni. Wamemrudisha hospitali.
Najua ni sadfa. Nimeliandika neno hilo na sasa nalitazama.

Jumanne, 7 Mei
Sakitu, umande wa barafu, mwezi wa tano! Nilisahau kuufunika mche kwa ndoo — nilisahau? Nilisikia utabiri redioni. Nikaosha vyombo. Nikalala. Asubuhi majani yalikuwa meusi, yamelegea kama makapi ya chai.

Mchana Zagorka alipiga simu akilia. Ljubisav amesema neno! Aliomba maji. "Maji", wazi kabisa, na nesi alisikia.

Nilikaa jikoni na simu mkononi muda mrefu. Nilifurahi. Mungu wangu, nilifurahi kwa yote mawili.

Ijumaa, 24 Mei
Umechipua tena. Kutoka chini, pale shina linapoungana na kokwa. Bila shaka — akiba imo ndani ya kokwa, na mzizi uko chini baridi isikofika. Mche wa mwaloni unaweza kupoteza kichwa na kuota kingine. Nimefundisha hivyo. Hakuna aliyenifundisha kuogopa kitu chenye urefu wa kidole.

Ljubisav amerudi kwake. Anatembea na mkongojo. Neno ni lile moja tu, maji, kwa kila kitu: chumvi ni maji, Zagorka ni maji. Anacheka mwenyewe. Simtoi machoni. Kila jani jipya linapofunguka nakwenda kuchungulia kama bado amesimama.

Alhamisi, 6 Juni
Sikukuu ya Kupaa. Maandamano hadi mtini, bendera, watoto, mvua nyepesi. Juu ya mti hata jani moja hakuna. Gome linabanduka. Padri Gavrilo alimwaga divai kwenye kidonda cha msalaba, ikashuka yote hadi ziwani. Akauliza kama kuna mtu mwenye mche wa mti huu, maana kijiji kisicho na mti hakina pa kusimama kuomba mvua.
Hakuna aliyeinua mkono.
Zagorka hakumtazama padri. Alinitazama mimi.

Garini, Tihomir akiendesha, Zagorka akauliza: "Wifi, huko nyuma ya nyanya unapanda nini?"
"Bizari."
"Bizari. Na unaitilia maji ya maziwa?"
Ndiyo, maziwa. Majani yameanza kuota ukungu mweupe kama unga, na maziwa kidogo huuzuia.
"Nilidhani mwalimu hadanganyi," akasema. Tihomir akaongeza sauti ya redio.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika hapahapa bustanini, daftari magotini.

Asubuhi nimemkuta Ljubisav bustanini mwangu. Peke yake, mkongojo ameuacha langoni. Amekaa chini kwenye udongo kando ya mche na hawezi kuinuka. Sikuweza kumwinua. Zagorka alifika na jembe la kuuchimba mche. Alipomwona ameketi pale alilitupa, akakimbia kumwita Tihomir.

Mimi nimechukua kigoda cha kuvunia na nimekaa karibu naye. Mkono wake wa kushoto umelizunguka shina kwa vidole viwili. Sijui kama anaukinga au anajiandaa kuung'oa. Nimemuuliza.
"Maji," anasema.
Nimeuliza: nimwagilie?
"Maji."
Niung'oe?
"Maji." Machozi yanamtiririka upande mmoja tu wa uso.

Mzizi umeshapita urefu wa mkono. Tukiuhamisha sasa tutaukata, na ukikatwa katika joto hili hautaota tena. Hakuna kuurudisha mtini ukiwa hai. Zagorka anajua? Nilipaswa kumweleza.

Nimemwambia Ljubo, ni wako, wewe ndiye uliyeuomba radhi. Fanya unavyotaka, sitakushika mkono.

Amenitazama. Vidole vimekaza. Au vimekaza tangu awali, siwezi kusema — ule mkono mmoja ndio wenye nguvu zote.

Nasikia lango. Tihomir anasema jamani, polepole. Zagorka ananiita kwa jina langu, si wifi