Maharagwe Hayakukungoja

Section 58,
S.L.P. 7046,
Nakuru.

Jumapili, 4 Januari 2026

Mpendwa kaka Omolo,

Hujambo huko Juba? Kile kichwa kilichokuwa kikikusumbua kimepoa? Sisi hapa tunamshukuru Mungu. Magoti ya Mama yanauma lakini kanisani hakosi, na mke wangu Joyline amepona kikohozi. Ni wewe tu hatujui ulivyo.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu yako imezimwa tangu katikati ya Novemba. Sitati, yule dereva wa lori wa hapa mtaani, anapakia unga wa kuja huko wiki ijayo, na ameapa atakutafuta mpaka kwenye gereji unakofanya kazi.

Joyline ametuandikia malengo ya bustani ya mwaka huu nyuma ya kalenda ya kanisa, utadhani ni mwalimu mkuu. Anataka sukuma wiki mistari minne, vitunguu pale palipokuwa banda la kuku, na kunde kando ya ua. Maji ya mvua tuyakinge kwenye tangi, tuache kutegemea mfereji. Maharagwe yangu yatufikishe Pasaka. Mama alisikiliza yote, halafu akamwambia Joyline aandike lingine juu kabisa: "Omolo aanze."

Unajua nilivyo mbishi. Mila inataka Mama apande kwanza, kisha wewe mkubwa, ndipo mimi. Nilikuwa nikisema hayo ni mambo ya kijijini kwetu Siaya, hapa mjini tuna kiploti cha hatua kumi na tano. Ndiyo maana mwaka juzi nilipanda maharagwe kabla yako. Mstari wa Mama uliota siku ya sita. Wangu, mbegu za mkebe huohuo, maji yaleyale, kimya wiki tatu. Nilifukua nikazikuta safi, zinang'aa, kama zimetoka dukani asubuhi hiyo. Zilikuwa kavu, kaka, ndani ya udongo uliolowa. Nikazifukia haraka haraka.

Halafu ukapiga simu. Mama akaweka spika, akailaza simu juu ya udongo, nawe ukasema kwa hiyo sauti yako ya chifu, "Haya omera, ndugu yangu, anza." Siku ya nne yakaota yote. Nilicheka mbele za watu, lakini mwaka jana nilingoja sauti yako kwanza, na hayakunisumbua.

Mwaka huu sauti haipo. Alhamisi, siku yenyewe ya mwaka mpya, nimepanda, tena nimepanda nikitaka yagome. Yakigoma najua mkubwa wangu yupo mahali, ni simu tu imeibwa. Yakiota bila wewe, basi sina mkubwa wa kungoja. Kila asubuhi naenda kutazama udongo ulivyo mtupu, na moyo unatulia. Joyline anasema hajawahi kuona mkulima wa namna hii.

Jumatatu, 12 Januari

Kaka, Sitati anaondoka kesho, kwa hiyo namalizia.

Jumamosi asubuhi yaliota. Yote, hata moja halikukosa. Niliyang'oa kabla Mama hajatoka nje, nikawapa sungura wa Celestine, jirani yetu. Sungura hawakuyagusa. Jana yalikuwa yamerudi, mashimo yaleyale. Nikang'oa tena. Leo yamerudi, na kila mche una majani mawili.

Leo Mama ameyaona. Ameingia jikoni akamimina chai, akanipa mimi kwanza, kwenye kile kikombe chako cha bati chenye mdomo wa buluu. Sikukinywea. Nimekiosha nikakirudisha kwenye msumari wake.

Naogopa, Omolo. Piga hata kwa namba ya mtu mwingine. Nitukane, niite mjinga, niambie maharagwe ni maharagwe tu.

Dada yetu Valarie na watoto wake kule Gilgil wanakusalimu, na Celestine pia. Mama anasema Mungu akufunike popote ulipolala. Joyline hajafuta lile la juu kwenye kalenda.

Wako akupendaye,
mdogo wako, na sitaki kuwa kitu kingine,

Ogada