Jina Nililoandika Kwenye Fomu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa? Na dagaa wamekauka, au mvua imekuchezea tena? Mimi mzima, ila lile tezi la shingoni ndilo limenikalisha kukuandikia. Daktari wa hapa kambini anasema litolewe. Nitapasuliwa Alhamisi ijayo. Usipige kelele kwanza, mama, soma hadi mwisho.

Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika mtu wa kuniamulia, iwapo nitashindwa kusema mwenyewe. Najua utasema, miaka ishirini na mbili tu, uchuro wa nini huo! Lakini mwezi uliopita aliletwa mkimbizi mmoja, kijana rika langu. Aliangukiwa na mti, hajitambui, mguu umeshaoza. Daktari anataka kuukata. Mkewe anasema kateni, kaka yake anasema mdogo wangu hawi kilema. Mimi mkalimani niko katikati natafsiri, Kiha changu kwa Kirundi chao, siku mbili nzima. Kaka akashinda. Siku ya tatu kijana akazinduka, akauliza, "Mbona hamkuukata?" Na hilo nikamtafsiria daktari. Jioni akafariki. Jamani mama, nililia!

Basi nimemwandika dada Mwajuma wa Kidahwe. Sikukuandika wewe, nisamehe. Baba alipougua, kila daktari alipokuuliza ulisema tusubiri kwanza. Sikulaumu hata kidogo, ulimpenda mno. Lakini dada ana moyo mgumu. Nilipokwamwa na mwiba wa samaki kooni, yeye ndiye aliyeuchomoa, wewe ulikuwa umeshakimbilia kwa jirani unalia! Nimeshamwambia: wakate cha kukatwa, mradi niishi. Na ikishindikana kabisa, wasinitese, nirudishwe Ujiji nizikwe karibu na baba.

Nisalimie mjomba wa Rusimbi, umwambie viatu vyake bado navivaa. Msalimie na bibi, ila ya tezi usimwambie, hatalala.

Najua umenuna. Hata mimi mkono ulikuwa mzito kuandika jina lisilo lako. Ila fomu yao haina mahali pa mtu wa kukaa kando ya kitanda nikizinduka. Nimeandika jina lako pembeni, kwa herufi kubwa. Nesi akasema hapo hapaandikwi kitu. Nikamwambia pataandikwa.

Njoo, mama.

Mwanao,
Zaituni