Mstari Uliokuja Mapema

Jumamosi, Bariadi

Hapana, siukati.

Msimamizi wa utafiti wangu amepiga simu leo, mimi na mama tuko uani tunachambua pamba. Kwenye picha ya jaribio langu anataka niondoe mstari mmoja, ule unaoonyesha kwamba protini inayoziamuru seli zigawanyike imetokea mapema mno. "Unaharibu picha nzuri," akasema. "Ukate, umalize shahada yako."

Seli zile nilizinyima chakula mwenyewe mpaka zote zikaacha kugawanyika, kisha nikazilisha ili zianze tena pamoja. Nimerudia jaribio. Mstari umetokea palepale.

Naogopa, ndiyo. Asiposaini tasnifu yangu, mwaka wangu umekwenda na maji.

Mama aliuliza kulikoni, nikamweleza. "Si umkubalie tu yaishe?"

Nikamwonyesha magunia yake: moja la pamba safi, jingine la fifi, ile yenye madoa. "Mayu, mbona fifi yako humfichi mnunuzi?"

Akacheka. "Haya, kamjibu."

Nimeshamjibu. Picha inabaki nzima. Kama haamini, aje maabara tuzinyime seli chakula pamoja, auone mstari ukitokea mbele ya macho yake.