Upepo wa Kando ya Meko

Mama mkwe wangu,

Shikamoo. Huku wazima, ila usingizi nimeusahau. Mjukuu wako ameota jino la pili, na bega langu ndilo la kujaribia.

Mwanao amenifikishia maneno yako: nyumba hii ni jokofu, utakuja kumchukua mtoto mpaka baridi iishe. Yeye mwenyewe hana kauli, unamjua. Basi nisikilize mimi.

Yale masponji uliyotuzibia nyufa za kando ya meko nimeyatoa yote. Najua uliziba kwa mapenzi, na upepo kweli ulikoma. Lakini juzi niliwasha moto, nikasikia harufu ya plastiki. Kumbe sponji linayeyuka ukutani, na mtoto kalala pale pale! Nililing'oa kwa koleo huku nalia.

Nikamwita fundi mwashi. Akacheka, "Shemeji, mlitaka kupika nyumba nzima?" Tumeziba nyufa kwa udongo wa tanuri usioshika moto, nami nikiusukumia ndani kwa kidole, mtoto mgongoni. Dohani hatukuigusa, moshi lazima upate pa kutokea. Mdomo wa meko naufunika kwa bati majivu yakishapoa kabisa.

Leo nimepitisha mshumaa kando ya meko yote. Mwali haukutikisika.

Kwa hiyo mtoto haendi popote, Mama. Njoo wewe. Nimekutandikia kitanda chumba hicho hicho chenye meko, ulale naye. Ukisikia baridi, hapo tutazungumza.

Akupendaye,
Mkaza mwanao