Pengo la dani

Leonida uko? Tumetoka kuona ile filamu ya zimwi wa ziwani, kwa ukumbi wa kanisa hapa Sori. Nilienda na dani, nyanya yangu.

Unakumbuka kwa kitabu zimwi alikuwa mwanamke mrembo, ndio maana watu walimwamini?

Kwa filamu wamemwekea pengo. Meno sita ya chini hakuna. Eti ndio tujue ni mbaya.

Meno sita ya chini, Leonida! Kama dani! Yeye alitolewa yake mwaka wa sitini na moja, akiwa msichana. Enzi hizo kwetu bila hilo pengo nani angekuoa?

Zimwi akafungua mdomo, watoto wakapiga nduru. Dani akaniuliza kwa sauti, "Huyo ndiye bibi arusi?"

Bibi arusi!! Ukumbi wote ukacheka. Hata pasta.

Dani alitazama mpaka zimwi akachomwa na watu wakapiga makofi.

Sasa tuko nyumbani. Sijui hata nasikia nini moyoni, ni kama sisikii kitu. Nimempatia chai.

Anafunika mdomo na leso ndio anywe.

Tuko wawili tu hapa, mimi na yeye.