Mtungi wa Chuoni

Mjukuu wangu Nasra,

Salamu zako zimefika, alhamdulillahi. Hapa Darsait, Maskati, hatujambo, ila tangu korona imchukue babu yako, bado nnamimina vikombe viwili vya kahawa kila asubuhi.

Umeniuliza, wewe uliye mwalimu, mtajuaje kama wakati wa kufungua skuli umefika. Mimi sikusoma sana. Nnakumbuka tu Unguja, homa ya matumbo ilipofunga chuo chetu cha Kurani. Sote tulikuwa tukinywa maji ya mtungi mmoja kwa kata moja ya kifuu. Baada ya wiki kadhaa Maalim akaja kwetu.

"Bi Zuwena, maradhi yamepungua. Kesho mlete mtoto."

"Maji mnachemsha siku hizi?" mama akamuuliza.

"Ni yale yale."

"Na kata?"

"Ile ile."

"Basi na mwanangu yuko pale pale!"

Maalim akacheka, akenda zake. Mimi nililia, maana nilitamani kurudi chuoni. Juma la pili akaja tena: maji yanachemshwa, na kila mtoto aje na bilauri yake. Mama akanifunga ushungi mwenyewe, nikaenda.

Mpaka leo sijui maradhi yalikuwa yamepungua kiasi gani. Mama naye hakujua, akauliza lile aliloweza kulijua. Nami nakuuliza: madirisha ya darasa lako yanafunguka?

Bibi yako